Fungu la Kabanga

Kabla sijasimulia lolote, niungame. Mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa hapa Likasi, eti ni wageni waliotuchukulia kazi, mimi nilisimama kando ya barabara nikapiga makofi. Sikuvunja mlango wa mtu wala sikubeba godoro la mtu, lakini makofi nilipiga, na padri aliponiuliza kwenye kitubio kama nina dhambi nyingine, nilisema sina. Mungu ananijua. Basi mtu asidhani ninamnyooshea kidole jirani yangu Stanislas. Mambo haya alinieleza yeye mwenyewe, tukiwa tumeegemea ukuta unaotenga nyua zetu, yeye upande wake, mimi upande wangu, na mengine niliyasikia kwa masikio yangu.

Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mwaka 1995. Mshahara wa kampuni ya migodi ulikuwa haujaonekana kwa miezi mingi, ila siku hiyo nyumba ya Stanislas ilichangamka kama zamani. Mwanawe Guy, aliyekuwa akichimba mawe huko Kambove, alifika na jogoo aliyefungwa nyuma ya baiskeli. Binti yake Jenny alitoka Kakanda na unga wa mahindi, furushi la majani ya muhogo ya sombe na watoto wake. Wajukuu wote pamoja walikuwa saba. Stanislas aliketi barazani na redio isiyo na betri magotini, akiwatazama wakimkimbiza jogoo, na moyoni alijiambia kwamba hata njaa inapumzika siku ya sikukuu.

Mkewe Albertine alikuwa amekaanga vitumbua kumi na vinne. Aliwapanga watoto ukutani, akapita na sinia.

"Kila mutu mbili. Mbili, nasema! Mwenye hashibe aende kwa nkambo yake mwingine."

Alipofika mwisho wa mstari alimkuta Ricky, mtoto wa Guy mwenye miaka tisa, amenyoosha mikono mitupu.

"Nkambo, minye sikupata," alimwambia bibi yake.

"Hukupata namna gani? Batoto saba, bitumbua kumi na ine. Weye unaisha kula, uko unanichezea."

"Sikule, nkambo. Haki ya Mungu."

Sinia ilikuwa tupu. Albertine aliwafungua viganja mmoja mmoja. Watoto sita walikuwa na viwili viwili, na hakuna aliyekuwa na mafuta ya ziada mdomoni.

Guy alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, hesabu inakushinda tangu zamani!"

"Nyamaza, weye mwenye uliikala miaka mbili mu darasa ya kwanza!" Akamtishia na mwiko, wote wakacheka, Ricky akapewa mkate, mambo yakaisha.

Jua lilipokaribia kuzama, Jenny aliwaogesha watoto bafuni mmoja baada ya mwingine. Aliwafuta maji, akawavika, akawahesabu barazani. Kisha akarudi kumwaga maji ya karai, na wote wakamsikia akiita, "Mama, nani anabaki mu douche?"

"Hakuna mutu. Hawa bote beko hapa."

"Mbona nasikia mumoja anakohoa?"

Alitoka na karai mkononi, macho yake yakizunguka vichwa vya watoto. Saba. Albertine alisema ni sauti ya bomba. Bomba lilikuwa kavu tangu mwezi wa pili, lakini hakuna aliyetaka kukumbusha.

Walipokaa kula, Stanislas alimwona Michelle, mtoto mdogo wa Jenny mwenye miaka mitano, akimega bukari yake, ule ugali wa mahindi, katikati na kuondoka nayo. Aliinuka akamfuata. Mtoto alipita jikoni, akachuchumaa penye kizingiti cha mlango wa nyuma, akaweka donge la bukari sakafuni, taratibu, kama anayempa mtu mkononi.

"Michelle, unafanya nini pale?"

"Napatia mwenzangu."

"Mwenzako gani? Ricky?"

"Hapana. Huyu mwenye hana sahani." Akageuza uso kidogo, akasikiliza. "Anasema weye unamujua."

"Jina yake nani?"

"Anasema jina yake pia unaijua, nkambo."

Ndipo harufu ikamfikia. Ilikuwa harufu ya moshi wa mataruma ya reli yaliyochomwa mabichi, imechanganyika na ile dawa nyeupe kali iliyomwagwa chini mahali watu wengi wanapougua pamoja. Kwa miaka miwili alikuwa amejitahidi asipite karibu na stesheni ili asiikumbuke harufu hiyo. Sasa ilikuwa jikoni kwake.

Kwake? Hapo ndipo penye donda. Nyumba ile ilikuwa ya Kabongo. Kabongo alikuwa fundi mkubwa kwenye karakana ya kampuni, na Stanislas msaidizi wake kwa miaka kumi na tisa. Walikula pamoja, walizika pamoja. Watu wa Kasai walipotolewa majumbani, Kabongo alitoka na mkewe na mapasa wao wawili, yaani mapacha, wasichana wa miaka sita, Mbuyi na Kabanga. Walikaa stesheni miezi mitano chini ya turubai, wakingoja gari la moshi la kuwapeleka Kasai. Stanislas akapewa kazi ya Kabongo na nyumba ya Kabongo. Nyumbani alimweleza Albertine kwamba Kabongo ameridhika, na kwamba amewabariki.

Siku gari lilipofika, Kabongo alimtumia mtu, naye akaenda akiwa amevuta kofia hadi machoni. Kabongo alikuwa amekonda, ameshika mkono wa mtoto mmoja tu.

"Kabanga anabaki hapa, mu udongo," alisema. "Surua ilimubeba. Stani, weye unajua desturi yetu. Mapasa habatengwe. Kile unapatia mumoja, unapatia na mwenzake, hata akikufa. Huyu Mbuyi tutamupatia yake kule. Lakini ule mwenye anabaki, nani atamupatia? Siku ya sikukuu, mukikula mu ile nyumba, umuwekee fungu yake pa mulango ya nyuma ya jikoni, pale alikuwa anapenda kukulia. Uite jina yake. Haiko dawa, haiko uchawi. Ni fungu tu."

Stanislas aliinua mkono akaapa mbele ya Mungu.

Aliporudi nyumbani, alianza kujitetea. Mimi ni kiongozi wa sala mtaani, alijiambia. Watu watasema ninafuga mizimu. Na nikimwambia Albertine habari ya sahani, ataniuliza nimeisikia wapi, halafu ataniuliza na mengine. Krismasi ya kwanza ikapita, Pasaka ikapita, Krismasi ya pili ikapita. Fungu halikutoka.

Jumamosi ile nayo alinyamaza. Alimshika Michelle mkono akamrudisha mezani, na mkono wa mtoto ulikuwa umeanza kupata moto.

Usiku umeme ulikatika. Watoto walilazwa sebuleni kwenye mikeka, wamefunikwa mablanketi mawili makubwa, miguu nje. Stanislas hakupata usingizi. Akasikia filimbi ya gari la moshi, ndefu, ya kuondoka, na gari lilikuwa halijapita Likasi kwa majuma. Alishika kibatari akaenda sebuleni, akajisemea kwamba anakwenda tu kuwafunika wajukuu wake, jambo ambalo babu yeyote hulifanya, na alipoinama aliona nyayo zimepangwa mstari, nyayo za Ricky zenye kovu la baiskeli, nyayo za Michelle ndogo kama mikate, akaanza kuzihesabu bila kutaka, mbili, nne, sita, nane, akasogeza kibatari karibu, kumi, kumi na mbili, kumi na nne, na bado mstari ulikuwa haujaisha, kwa sababu pale mwisho, kando ya miguu ya Michelle, zilikuwepo nyayo mbili nyingine zilizopasuka kwa vumbi, zenye weupe wa ile dawa katikati ya vidole, na wakati alipozitazama, vidole vya nyayo hizo vikajikunja taratibu, kama mtoto anayesikia baridi na anaona aibu kuomba blanketi.

Alirudi kitandani kinyumenyume. Hakulivuta blanketi. Hilo ndilo lililomliza zaidi aliponisimulia, kwamba hata blanketi hakulivuta.

Asubuhi ya Pasaka Michelle hakuweza kwenda misa. Mwili ulikuwa unawaka, macho mekundu, na nyuma ya masikio vipele vilianza kutoka. Guy alikimbia na baiskeli mpaka zahanati, akakuta kufuli. Jenny alimpa mtoto maji, mtoto akanywa nusu na kusogeza kikombe pembeni.

"Kunywa yote, mwanangu."

"Hii ni ya mwenzangu. Siye tunangoja train. Mama yake anasema tusimalize maji."

Jenny alikiweka kikombe chini. Albertine akafunga kitambaa kichwani na kutoka. Alikwenda kumwita Madeleine, mama wa maombi aliyeishi nyumba ya tatu. Sisi Wakatoliki tulikuwa tukimcheka kwa kelele zake, ila mgonjwa alipozidi tulimkimbilia. Alikuja na wanawake wawili na chupa ya mafuta. Mimi pia niliingia, maana kilio kilikuwa kimevuka ukuta. Sufuria ya jogoo ilikuwa imetengwa mezani, mafuta yanaganda, na hakuna aliyeitazama.

Madeleine aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akafumba macho, akaanza. Wale wengine wawili wakapiga makofi.

"Toka! Kwa jina la Yesu, toka! Toka mu hii nyumba! Haiko nyumba yako! Rudia kule unatokea!"

Nilimwona Stanislas akishika ukuta. Maneno yale mimi na yeye tuliyajua. Ndiyo yaliyoimbwa barabarani mwaka ule, hata makofi yalikuwa yaleyale.

Michelle aliketi. Vipele vilikuwa vimejaa uso mzima. Hakulia wala hakutukana kwa sauti nzito, kama tulivyosikia mapepo hufanya. Alishuka kitandani, akatandaza shuka sakafuni, akaweka juu yake kijiko, kikombe, nguo mbili na sufuria ndogo, akakunja pembe nne na kufunga fundo, fundo la mtu mzima, gumu. Akajitwika furushi kichwani. Kisha akanyoosha mkono pembeni, akashika hewa, kama anayeshika mkono wa mwenzake.

"Tunatoka, papa," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto mkubwa kuliko yeye. "Musitupige. Tunatoka."

"Toka!" Madeleine alipaza sauti, akidhani ameshinda.

Mtoto alipita sebuleni. Kila hatua uso wake ulizidi kupauka. Alipovuka mlango wa mbele alipepesuka, furushi likaanguka, kijiko kikaruka hadi uani. Jenny alimdaka. Kifua kilikuwa hakipandi.

"Hapumue! Mama, mwanangu hapumue!"

"Murudishe!" Madeleine alipiga kelele, na mafuta yalimwagika. "Murudishe ndani! Muache kufukuza, muache!" Walimlaza palepale mlangoni, nusu ndani, nusu nje, na pumzi ikarudi kidogo, kama uzi. Madeleine alikaa chini, jasho linamtiririka. Aliwatazama wazee wa nyumba mmoja mmoja.

"Shetani hafungake mizigo," alisema polepole. "Huyu ni mutoto ya batu. Anaisha kufukuzwa mara moja, na nikimufukuza tena, ataenda na huyu wenu. Nani aliikalaka humu?"

Jenny alimgeukia babaye. "Papa, unajua kitu?"

Stanislas alijua kwamba akifungua mdomo, hataongoza sala tena mtaani, na wanawe hawatamtazama kama zamani. Kifua cha Michelle kilipanda, kikakaa, kikachelewa kushuka. Mzee akapiga magoti.

Aliieleza ahadi ya stesheni. Tukadhani amemaliza.

"Iko ingine," alisema. "Kabla ya mutoto kufa, mama yake alikuya hapa. Usiku, na mvua. Alikuwa amebeba Kabanga mu mugongo. Alipiga dirisha ya chumba. Alisema, papa Stanislas, usiku mumoja tu, mutoto eko anakufa na baridi, nitatoka kabla ya jua. Nilisimama nyuma ya pazia. Nilimwambia hapana, vijana batachoma nyumba. Alikuwa anapiga dirisha ya nyumba yake mwenyewe. Nilizima taa."

Albertine alitazama mikono yake. "Nilisikia ile kupiga," alisema. "Asubui nilikuuliza. Uliniambia ni mbuzi ya jirani."

"Ndiyo, mama."

"Mbuzi." Alilirudia neno lile kama mtu anayeonja kitu kilichooza. "Na minye nililala mu kitanda yake."

Guy alitaka kumshika babaye mkono ainuke. Mzee alikataa. Alikwenda mezani kwa magoti vilevile, akachukua sahani yake mwenyewe, akaweka bukari, akachagua paja la jogoo, akamwaga mchuzi juu, akatia kijiko, akavuka jikoni hadi kizingiti cha mlango wa nyuma. Akaufungua mlango wote. Nje jua la adhuhuri lilikuwa kali, lakini upepo ulioingia ulikuwa wa usiku wa mvua.

"Kabanga," aliita. Akaiweka sahani chini. "Kabanga, mutoto ya Kabongo. Ingia, mwanangu. Nyumba ni yako. Fungu yako ni hii. Unisamehe nilikuacha inje."

Mara tukasikia kijiko kikikwangua sahani ya bati, haraka haraka, kwa njaa. Hakuna aliyethubutu kwenda kuchungulia. Wanawake wa maombi walikuwa wanalia bila sauti. Kijiko kilikwangua, kikapumzika, kikakwangua tena, na kila kilipokwangua kifua cha Michelle kilipanda vizuri zaidi, mpaka mtoto akafungua macho na kusema, "Mama, nasikia njaa."

Sahani tuliikuta safi, kama iliyooshwa.

Msidhani ilikuwa furaha. Jenny aliondoka Jumatatu alfajiri na watoto wake, akamuaga mamaye tu. Guy alileta kuku kila sikukuu, akamkabidhi mlangoni bila kuingia. Albertine alihamia chumba cha nyuma. Alimpikia mumewe, alimfulia, lakini meza moja hawakula tena. Stanislas aliacha uongozi wa sala. Aliandika barua nyingi kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, ambako gari lile liliwashusha watu, na posta haikurudisha jibu. Kila Pasaka na kila Krismasi aliweka fungu penye kizingiti, akaita jina, akakaa gizani kusikiliza. Alikufa masika ya mwaka 1997. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Isidore, isikose." Nilijua anasema habari ya sahani.

Tangu hapo Albertine ndiye anayeweka. Krismasi hii iliyopita, ya mwaka 1998, aliniita ukutani asubuhi na mapema, kwa sauti ya chini.

"Isidore. Kuya uone."

Usiku alikuwa amemwaga jivu la mbabula, jiko lake la makaa, penye kizingiti, kukausha maji ya mvua. Juu ya jivu palikuwa na nyayo. Zile ndogo alizizoea, za mtoto wa miaka sita. Kando yake zilikuwepo nyingine, zimesimama bega kwa bega na zile ndogo. Hizo zilikuwa kubwa kidogo, za mtoto aliyepata miaka mitano zaidi ya kukua, basi.

"Usiku nilisikia bijiko bibili," Albertine alisema. "Walikuwa banagombania."

Hatukutaja jina la Mbuyi. Alisimama muda mrefu, kisha akaingia ndani, akatoka na sahani ya pili, akaiweka kando ya ile ya kwanza, akazisogeza mpaka zikagusana.

Mimi nimekwisha kuzeeka na miguu yangu haifiki mbali. Ninakuomba wewe unayesoma, kama njia yako inapita Mwene-Ditu, uliza fundi mashine anayeitwa Kabongo, mrefu, aliyekatika kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Usimwulize habari za watoto. Mwambie tu kwamba wote wawili wamefika nyumbani, na kwamba sahani ni mbili.